Kuotesha seli T za panya hadi zigeuke Th17

Th17 (seli T za kinga zinazotoa IL-17) zikikataa kutokea, watu hulaumu saitokini (protini ambazo seli hutumiana kama ishara). Mara nyingi kosa limeshafanyika kwenye wengu, kabla hata ya kichupa cha saitokini kufunguliwa.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi. Weka kingamwili ya CD3, ile inayoamsha seli T (kloni 145-2C11), kwenye sahani ya visima 24: mikrogramu 5 kwa mililita ya PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti), mikrolita 250 kila kisima. Ilale kwenye friji. Kesho uimwage na kusuuza dakika ya mwisho kabisa, visima visikauke.

Kuchambua seli. Chagua panya wa wiki 6 hadi 10. Ponda wengu na tezi za limfu juu ya chujio la mikromita 70, taratibu, kwa kitako cha pistoni ya sindano. Pasua seli nyekundu kwa bafa ya ACK dakika moja au mbili, si zaidi. Kisha tenga seli T za CD4 zenye CD62L nyingi na CD44 kidogo (alama za juu ya seli), yaani zile ambazo hazijawahi kuamshwa. Usilipue kazi hapa: seli za kumbukumbu (zilizowahi kuamshwa) zikipenya, zitamwaga saitokini ya interferoni-gama, nayo huzima njia ya Th17. Mimi usafi ukishuka chini ya asilimia 95, nachambua upya.

Chakula chao. Natumia kimiminiko cha kuoteshea seli cha IMDM, si cha RPMI, maana kina zaidi ya zile asidi amino zinazozaa viamsho vya AhR, kipokezi kinachosaidia Th17 kutokea. Ongeza seramu asilimia 10, glutamini, antibayotiki na 2-merkaptoethanoli mikromola 50. Hiyo ya mwisho niliwahi kuisahau. Siku ya pili nilikuta vumbi la seli zilizokufa.

Kuzielekeza. Kwa kila mililita: seli milioni 1, kingamwili ya CD28 (msaidizi wa CD3 katika kuamsha) mikrogramu 2, saitokini za TGF-beta nanogramu 2 na IL-6 nanogramu 20, pamoja na kingamwili za kuzuia IL-4 na interferoni-gama, mikrogramu 10 kila moja. Saitokini ya IL-2 usiongeze, huibana Th17.

Kusubiri. Nyuzi 37, CO2 asilimia 5. Baada ya saa 24 chungulia kwenye hadubini: seli zilizoamka zimevimba na kushikana vichala. Ukiona punje ndogo zilizotawanyika, rudi kwenye kingamwili ya CD3.

Siku ya 4. Zichokoze kwa PMA na ionomaisini, pamoja na brefeldini A (huzuia saitokini zisitoke nje ya seli), saa 4, kisha pima IL-17A, saitokini ya Th17. Pembeni kuwe na kisima kisichotiwa TGF-beta wala IL-6. Nacho kikiwaka IL-17A, seli zako hazikuwa safi.