Bega lililokaza: mazoezi ya nyumbani

Wavuta nyavu wa Bagamoyo wanalijua bega hili: mkono haufiki mgongoni, na usiku hulilalii. Likande kwanza kwa maji moto, dakika 10.

Inama, mkono mzima ushike meza, unaouma uning'inie kama ndoo kisimani. Yumbisha kiwiliwili ili mkono uzunguke wenyewe. Duara la sentimita 30 latosha, mara 10 kila upande. Hapa ndipo wengi hukosea: wanauzungusha kwa nguvu za bega, msuli unakaza, maumivu yanaongezeka.

Kisha tambaza vidole vya mkono unaouma ukutani kwenda juu hadi panapovuta, tulia sekunde 15. Weka alama ya chaki, kesho uipite. Bega lisipande sikioni; huko ni kujidanganya.

Halafu kanga, ipitishe mgongoni: mkono mzima ushike ncha moja juu ya bega, unaouma ushike ya pili nyuma ya kiuno. Wa juu uvute taratibu, mara 5.

Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa siku. Maumivu yakibaki hadi kesho yake, punguza. Mwenye kisukari asikate tamaa, bega lake huchukua miezi mingi zaidi kulegea. Ukiwa umeanguka na mkono hauinuki kabisa, au bega limevimba na una homa, nenda hospitali kabla ya zoezi lolote.