Pikipiki ya kigari: angalia upande kabla ya kulipa

Ndugu zangu mnaoagiza pikipiki yenye kigari cha ubavuni kuileta Uganda, muulizeni kwanza muuzaji kigari kiko upande gani. Huku tunaendesha kushoto, basi kigari nacho kikae kushoto. Nyingi za Ujerumani na Urusi zinacho kulia, na hapo ukitaka kulipita lori barabara ya Malaba, kigari na abiria wake ndio wanaotangulia katikati ya barabara. Ni hatari kweli!

Ushuru ni URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, uwe na TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Usajili ni Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Namba ya fremu na ya injini zisome mwenyewe kwenye chuma, uzilinganishe na hati herufi kwa herufi. Mimi herufi moja ilinikwamisha mpakani wiki nzima.