Puke, sick, throw up: mtoto akitapika ughaibuni unasemaje

Ndugu zangu wa Kigoma mlioko nje, haswa nyie wenye watoto wadogo, leo naongelea kutapika. Kwetu ukifika hospitali ya Maweni ukasema mtoto anatapika nesi anaandika na kazi inaendelea, neno ni hilo hilo kwa bibi wa Ujiji na kwa daktari. Kiingereza hakiko hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza Uingereza niko kazini nikapigiwa simu na chekechea ya mwanangu, mwalimu ananiambia "he's been sick", mi nikaelewa anaumwa, labda kahoma, nikajibu sawa nikitoka jioni nampitia. Kumbe kule "been sick" ni katapika! Nafika namkuta kavalishwa nguo za akiba, shati lake limefungwa kwenye mfuko wa nailoni linanuka maziwa yaliyochacha, wamenisubiri toka saa nne asubuhi. Na mtoto akishatapika hivyo harudi mpaka yapite masaa 48 toka mara ya mwisho, kwa hiyo panga mapema nani atabaki nae. Marekani maneno hayo hayo yanamaanisha aliumwa tu, wao wanasema "threw up", na hilo lishike sana maana linaeleweka kote.

Sasa "puke". Usilisome kama Kiswahili, ni pyuki ila ile i ya mwisho unaimeza. Ni neno la washkaji, la kijiweni pale Mwanga, sio tusi lakini mbele ya bosi au mwalimu linakwaruza. Na mtu akisema kitu "makes me puke" hatapiki huyo, kinamtia kinyaa au kinamkera, usije ukalisema mezani kwa mtu aliyekukaribisha hata kama chakula kimekushinda.

Hospitali sema "vomiting", alafu eleza mara ngapi, toka saa ngapi, maji yanakaa tumboni au yanarudi, amekojoa lini mara ya mwisho. Kachanga kakicheua maziwa kidogo baada ya kunyonya hako hakajatapika, Wamarekani wanaita "spit up", tofauti hiyo daktari anaihitaji. Ila matapishi yakiwa ya kijani au yana damu usisubiri, kimbia emajensi au piga 999 Uingereza, 911 Marekani. Na lugha ikikukwamia omba mkalimani wa Kiswahili, hospitalini hulipii.