Kuandaa maonesho ya sanaa mahali pa umma: mwongozo kwa mratibu chipukizi wa Moshi na Arusha

Anayeanza kazi ya kuratibu maonesho ya sanaa akiwa Moshi au Arusha hugundua mapema kwamba kumbi ni chache na kwamba nyingi kati ya hizo zinamtazama mtalii mwenye nafasi kwenye begi lake kuliko mkazi wa mji. Nafasi pana zaidi iko nje, kwenye ukuta wa soko, uwanja wa stendi au uzio wa shule. Wengi husubiri litoke tangazo la ufadhili ndipo watafute wazo la kulijibu. Mwongozo huu unashauri njia iliyo kinyume: tafuta mahali kwanza, pata ruhusa ya mahali hapo kwa maandishi, kisha uende kwa wafadhili ukiwa na kitu ambacho waombaji wengi hawana.

Mahali pazuri ni pale ambapo tayari pana habari yake. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, na treni ya abiria iliporejea Desemba 2019, baada ya kusimama kwa takribani miaka 25, wakazi wengi walikuwa na kumbukumbu ya kusimulia. Katika mji huohuo kuna ushirika wa kahawa wa KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, na mnada wa kahawa. Arusha ina Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge, na ina Boma la Wajerumani ambalo leo ni Makumbusho ya Historia Asilia. Maonesho kuhusu wachumaji wa kahawa yakiwekwa jirani na majengo ya ushirika hayahitaji utangulizi mrefu, kwa kuwa mpita njia anafika akiwa na nusu ya habari kichwani mwake.

Ukishapata mahali, pakalie. Nenda saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 11 jioni, siku ya soko na siku ya Jumapili, ukiwa na daftari. Andika watu wanasimama wapi na kwa sababu gani, maana mara nyingi sababu ni kivuli: ukuta unaopata kivuli mchana una watazamaji, na ule unaochomwa na jua hupitwa haraka hata kama ni mpana na mweupe. Angalia pia kama ukuta unaoonekana mtupu Jumapili unafunikwa na meza za mitumba siku ya gulio. Ikiwa ndivyo, wafanyabiashara hao ndio wa kwanza kuzungumza nao, kabla ya ofisi yoyote. Wakiona kazi ya sanaa inawaletea wateja wataitunza kuliko mlinzi wa kulipwa, na wakiona inawafukuza itaharibika katika wiki ya kwanza.

Muda ambao mtu anakaa mahali ndio unaoamua aina ya kazi. Abiria anayesubiri basi stendi anaweza kusoma aya nzima na kutazama picha 20 zilizopangwa kwa mfuatano, lakini aliyemo ndani ya daladala inayozunguka kipilefti anapata sekunde chache tu, hivyo umpe umbo moja kubwa na rangi zisizochanganya. Tena si lazima kazi ikae mahali pamoja. Kule Kampala, tamasha la KLA ART lilitumia makontena ya mizigo mwaka 2012, na mwaka 2014 wasanii wakapewa bodaboda kuwa ndizo za kubebea kazi zao mitaani. Wazo la namna hiyo lingeweza kufaa Arusha, ingawa lingehitaji mazungumzo ya kina na viongozi wa vijiwe vya bodaboda kabla hata hujamwita msanii.

Hatua ya ruhusa ndiyo inayowashinda wengi, na kwa kawaida kinachowashinda ni kutojua mwenye mahali ni nani. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS na za mitaa chini ya TARURA, kwa hiyo kipilefti kimoja kinaweza kukupeleka kwenye ofisi ambayo hukuitarajia. Stesheni ni ya Shirika la Reli Tanzania, na nguzo za umeme ni za TANESCO, wala zisifungwe chochote. Masoko na bustani nyingi ni za halmashauri, yaani Jiji kwa Arusha na Manispaa kwa Moshi. Jengo la kale lisiguswe hata kwa msumari kabla ya kuwauliza wanaolisimamia, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaweza kuhusika.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, kisha peleka barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ukiomba imfikie afisa utamaduni. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye kichwa cha “YAH:” kinachotaja jambo, mahali na tarehe za kuanza na kumaliza, na iambatane na picha ya mahali palivyo leo, mchoro wa jinsi patakavyokuwa, na maelezo ya namna utakavyoparudisha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokutetea siku ambapo afisa uliyezungumza naye amehamishwa kituo, jambo ambalo hutokea. Wasiliana pia na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ambalo husajili wadau wa sanaa na kutoa vibali, na ikiwa uzinduzi utakusanya watu wengi, wajulishe polisi wa wilaya mapema.

Kwa upande wa wasanii, wachache wanaolipwa ni bora kuliko wengi wanaoahidiwa kujulikana. Kila mmoja awe na mkataba mfupi unaosema atalipwa nini na lini, nani ananunua vifaa, na kazi itakuwa ya nani baada ya maonesho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo picha ya kazi yake haiendi kwenye fulana wala kalenda bila idhini. Mchoro wa ukutani una swali lake la ziada, nalo ni kama mwenye ukuta anaruhusiwa kuupaka rangi upya na baada ya muda gani. Lijibiwe kwa maandishi wakati wote bado ni marafiki.

Kuhusu vifaa, epuka kuzindua katika masika, Machi hadi Mei, na uzingatie mvua za vuli za Novemba na Desemba. Picha zilizochapwa kwa wino wa kawaida hufifia haraka kwenye jua letu. Turubai za kuchapwa zitobolewe ili upepo upite, na fremu za chuma zichomelewe na fundi aliyefika mwenyewe kuona udongo utakaozibeba.

Maandishi yawe kwa Kiswahili kwanza, na lugha nyingine zifuate kwa herufi ndogo zaidi. Kama kipimo cha kuanzia, herufi yenye kimo cha milimita 25 husomeka bila taabu kutoka mita 3 hivi. Maneno 60 kwa kila kazi yanatosha. Yasome kwa sauti mbele ya muuza matunda wa hapo jirani, na sentensi atakayokuomba uirudie ndiyo ya kufuta.

Sasa fedha. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, pamoja na ile ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ni mikopo. Hurejeshwa, na maonesho ya bure hayaingizi kitu cha kurejesha. Itafaa tu kama kikundi chako kina biashara pembeni, tuseme ya kuchapa mabango. Kwa mafunzo na ushirikiano, fuatilia matangazo ya Alliance Française ya Arusha, ambayo ni kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, ya Nafasi Art Space ya Dar es Salaam iliyoanza mwaka 2008, ya kituo cha sanaa cha RAW Material Company cha Dakar kilichoasisiwa na Koyo Kouoh, na ya kozi fupi za waratibu za Independent Curators International ya New York. Matangazo ya aina hii kwa kawaida huomba maelezo ya wazo, wasifu, picha, bajeti na ratiba, na hapo ndipo barua yako yenye muhuri, picha za mahali na daftari la watazamaji vinapokutofautisha na mwombaji mwenye nadharia tupu. Katika bajeti, tanguliza malipo ya wasanii, taja mlinzi na usafiri waziwazi, na uache kama asilimia 10 kwa dharura. Kumbuka pia kwamba mwisho wa kupokea maombi ukiwa saa 23:59 za Ulaya ya Kati, kwetu ni saa 7:59 usiku wakati wa baridi yao, na saa 6:59 wakati wa kiangazi chao.

Wakati maonesho yakiendelea, awepo mwenyeji wa kujibu maswali na kuandika watu wanachosema, hata wanapokosoa. Yakiisha, ondoa kila skrubu, ziba matundu, paka rangi palipochubuka, kisha mwite mwenye mahali akague na asaini hati fupi ya makabidhiano. Nakala yake iambatanishe na ombi lako linalofuata.