Mhadhara nyumbani, hoja darasani: namna ya kuligeuza darasa la chuo kikuu

Wahadhiri wenzangu, wengi wetu tukisikia habari ya kugeuza darasa tunawaza kamera. Nawaomba tuanze na kile kipindi chenyewe. Mwanafunzi anapata maelezo kabla, kwa kusoma au kutazama. Mkikutana, mnafanya ile kazi ngumu pamoja. Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha fizikia kwa mtindo huu mwaka 1991, akitegemea usomaji, si video.

1. Chagua mada moja, ile inayowasumbua kila mwaka. Kozi nzima isubiri.

2. Tunga swali la darasani kwanza. Mfano, sheria ya tatu ya Newton: lori la mchanga na bajaji zimegongana uso kwa uso. Ipi imepigwa kwa kani kubwa zaidi, au kani ni sawa? Wengi watasema bajaji, hata walioikariri sheria neno kwa neno. Kani ni sawa. Bajaji inasambaratika kwa kuwa tungamo lake ni dogo, hivyo mchapuko wake, yaani badiliko la mwendo wake, ni mkubwa. Swali la namna hii halijibiwi kwa kukariri, na ndilo linalobeba kipindi.

3. Andaa maelezo: kurasa chache, au video ya simu iliyorekodiwa chumba kimya. Utafiti wa mwaka 2014 kuhusu video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kuwa muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6, hata video iwe ndefu vipi.

4. Weka maswali mawili matatu kwenye Moodle, mfumo wa kozi wa mtandaoni, yafungwe jioni ya kuamkia kipindi. La mwisho liwe: "Wapi hujaelewa?" Yasome majibu yote, ndiyo mpango wako wa kesho.

5. Darasani, uliza swali. Kila mtu afikiri peke yake, kisha apige kura kwa vidole, mkono ukiwa kifuani ili jirani asiige. Waliopata jibu sahihi wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja amtafute mwenye jibu tofauti wabishane. Ukumbi utapiga kelele, acha upige. Pita kwenye viti usikilize hoja zao, kisha kura ya pili, ndipo ueleze. Wakiwa chini ya 30, fafanua upya. Juu ya 70, songa mbele.

Maswali ya wahadhiri wenzetu

Swali: Dokta, wakija hawajasoma?
Jibu: Usirudie mhadhara, ndugu yangu. Ukirudia mara moja, wiki ijayo hasomi mtu. Maswali ya Moodle yape alama kidogo kwenye kozi.

Swali: Wanafunzi wangu wengi hawana bando.
Jibu: Basi anza na maandishi; PDF ni nyepesi. Video ipunguze ukubwa, mpe CR (mwakilishi wa darasa) aigawe kwa flashi. Tusimnyime mtu somo kwa sababu ya bando.

Swali: Mwalimu, nina watu 400 na viti havisogei.
Jibu: Havihitaji kusogea. Jirani wa pembeni na wa nyuma wanatosha kubishana. Vidole visipoonekana vizuri, wape karatasi zenye A, B na C.

Swali: Silabasi itaisha kweli?
Jibu: Itaisha, ukikubali kwamba yale mepesi watayasoma wenyewe nawe hutayagusa darasani. Hapo ndipo wengi wetu tunapata shida, maana tumezoea kusema kila kitu.