Ukienda Wales, anza na ngome ya Pembroke

Mtu akitajiwa ngome za Wales, hukimbilia Conwy na Caernarfon kule kaskazini. Ni nzuri kweli, ila hizo alizijenga Mfalme Edward wa Kwanza kuanzia 1283. Anayetaka kazi ya Wanormani wenyewe, wale wapiganaji kutoka kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, ateremke kusini-magharibi hadi Pembroke. Hapo Arnulf wa Montgomery alisimamisha boma la udongo na miti mwaka 1093, miaka 500 kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa.

Kutoka London, panda treni Paddington, ubadilishe Swansea. Njiani mtamaliza zaidi ya saa tano, na kipande cha mwisho kina treni moja kila saa mbili hivi, kwa hiyo tazama ratiba ya kurudi kabla hujatoka stesheni. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kujitesa. Laleni Tenby, mji wa ufukweni kwenye reli ile ile. Na wenye uanachama wa Cadw, idara inayotunza majengo ya kale ya Wales, wajue kwamba ngome hii si yao: kiingilio mtalipa.

Mkiingia, pandeni mnara mkuu kwanza, kabla mvua haijawakuta na watoto hawajachoka. William Marshal, mtawala wa Pembroke, aliujenga mwanzoni mwa miaka ya 1200, wa mviringo, zaidi ya mita 20 kwenda juu, na juu yake kuba la mawe. Ngazi ni nyembamba na zinazunguka. Kigari cha mtoto hakipiti, mbebeni mgongoni kwa khanga. Humu ngomeni ndimo alimozaliwa Henry wa Saba, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, mwaka 1457. Mama yake, Margaret Beaufort, alikuwa na miaka 13, tena mjane tayari. Simulieni mabinti zenu hilo, msiishie kupiga picha tu.

Chini ya ngome kuna pango la Wogan, walimokaa watu maelfu ya miaka kabla ya Wanormani. Waakiolojia wamekuwa wakichimba humo, basi ulizeni langoni kama liko wazi. Wenyeji msiwaite Waingereza; wao ni watu wa Wales. Watacheka, lakini hawapendi.

Jambo moja la hatari: Pembroke Dock, jirani tu, kuna feri ya kwenda Rosslare, Ireland. Kibali chako cha kuishi Uingereza hakikuruhusu kuingia kule. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Ireland, na huombwa mapema, si bandarini.