Kuchagua amplifaya yenye nguvu: anza na spika, wati baadaye

Anayetafuta amplifaya kubwa huwa ameshachoka na jambo moja: akiongeza sauti, muziki unakwaruza au besi inakosa uzito. Mara nyingi amplifaya ndiyo yenye kosa, lakini dawa yake haipatikani kwa kununua ile iliyoandikwa wati nyingi kuliko zote dukani.

Hatua ya 1: Geuza spika, usome nyuma

Unatafuta namba mbili. Ya kwanza ni unyeti (ukubwa wa sauti inayotoka kwa kiasi fulani cha umeme), unaoandikwa kwa desibeli (dB), mfano 86 dB / 2.83 V / 1 m. Ya pili ni ukinzani (jinsi spika inavyouzuia umeme) kwa omu: 4, 6 au 8. Kibandiko kikiwa kimebanduka, chomoa nyaya za spika na upime matundu yake kwa maltimita. Ukisoma kati ya omu 5.5 na 7, hiyo ni spika ya omu 8. Ukisoma 3 hadi 4, ni ya omu 4.

Maandishi ya "200 W max" yaache. Yanakuambia spika itavumilia kiasi gani kabla koili haijaungua, hayasemi inahitaji nini.

Kuna mtego kwenye unyeti. Volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati 1, lakini kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa 89 dB kwa 2.83 V ni sawa na 86 dB kwa wati moja. Toa 3 kabla ya kuendelea.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya wati unazohitaji

Tuseme spika ni 86 dB, omu 8, na unakaa mita 3 kutoka hapo. Kwa umbali huo uwanjani ungepoteza kama 9.5 dB; chumbani kuta zinarudisha kiasi, hivyo mimi hutoa 7. Spika ni mbili, ongeza 3. Unabaki na 82 dB kwa wati moja kila upande.

Muziki wa kusikiliza kwa sauti kubwa nyumbani huzunguka 85 dB, ila ngoma na tarumbeta huruka 15 hadi 20 juu ya hapo. Weka kilele kwenye 102. Pengo ni 20 dB. Kila 3 dB zinataka wati mara mbili, kila 10 zinataka mara kumi. Basi 20 dB ni wati 100 kila upande.

Sasa badilisha spika tu, weka ya 92 dB. Pengo linakuwa 14, na wati zinazotakiwa ni 25. Ndiyo sababu mwenye spika nyeti huridhika na kiamplifaya kidogo, na jirani yake mwenye wati 100 bado analalamika. Na kutoka wati 80 hadi 100 unapata takriban 1 dB, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Usilipe zaidi kwa ajili yake.

Hatua ya 3: Soma wati zilizoandikwa kama mkataba

Hapa ndipo watu wanapopoteza muda na fedha, kwa hiyo tukae.

Neno PMPO (wati za kilele za kutangazia biashara) likionekana popote kwenye boksi, rudisha rafuni. Si kipimo. Unachotaka ni wati za kuendelea, zinazoitwa RMS kwa mazoea, zikiandamana na masharti manne: ukinzani gani, masafa gani ya sauti (Hz, kutoka besi hadi sauti nyembamba), upotoshaji kiasi gani (THD), na chaneli ngapi zilikuwa zinafanya kazi kwa pamoja. Sharti moja likikosekana, chukulia kuwa lilifichwa kwa makusudi.

Linganisha hizi mbili:

"150 W (6 omu, 1 kHz, THD 10%, chaneli moja)"
"70 W × 2 (8 omu, 20 Hz–20 kHz, THD 0.08%, chaneli zote mbili)"

Ya kwanza inaonekana kubwa mara mbili. Ibane. Wati 150 kwenye omu 6 ni volti 30. Volti hizo hizo kwenye omu 8 ni wati 112. Upotoshaji wa 10% maana yake wimbi limeshakatwa kichwa, sauti unayoisikia kama mkwaruzo. Ukirudi hadi lilipo safi, unapoteza robo hivi. Tayari uko kwenye wati 80 na ushei, na bado chaneli ya pili haijaanza kugombania umeme wa transfoma ile ile. Mashine hizo mbili ni ndugu, ila moja imesema ukweli. Risiva, yaani amplifaya za sinema ya nyumbani, zenye chaneli 7 ndizo zinazocheza mchezo huu zaidi, na ndiyo maana kwa muziki wa stereo napendelea amplifaya ya chaneli mbili tu kwa bei ile ile.

Kisha tafuta wati za omu 4 uzilinganishe na za omu 8. Volti zisiposhuka, wati zinapaswa kujirudia: 100 kwenye 8, 200 kwenye 4. Wachache wanafika. 100 kwa 160 ni nzuri. 100 kwa 110 inakuambia transfoma na kapasita zake zimebanwa. Kama kiwanda hakikutaja omu 4 kabisa, au nyuma kumeandikwa "omu 8 kwenda juu", amini hivyo.

Kwa nini ujali, wakati spika yako ni ya omu 8? Kwa sababu "8" ni jina la jumla. Ukinzani hupanda na kushuka kufuatana na masafa, na spika nyingi za omu 8 hushuka hadi 4 au chini yake kidogo kwenye besi. Volti 28 kwenye omu 8 huvuta ampea 3.5, kwenye omu 3.2 huvuta karibu 9. Maltimita ya hatua ya kwanza haiwezi kukuonyesha bonde hilo. Unahitaji grafu ya ukinzani, na kwa spika zinazojulikana huwa imeshapimwa na kuchapishwa. Ukifunga jozi mbili za omu 8 pamoja kwa kitufe cha A+B, tayari umefika 4 kabla ya bonde lolote.

Tahadhari tatu kabla hatujatoka hapa:

Swichi ya nyuma ya "4/8" kwenye risiva kwa kawaida hupunguza volti za ndani ili mashine isipate joto. Haiongezi nguvu. Mimi huiacha kwenye 8 na kuangalia joto kwa mkono.

Namba ya matumizi ya umeme iliyopo nyuma ya kasha si ushahidi wa wati za sauti. Mara nyingi hupimwa amplifaya ikitoa sehemu ya nane tu ya uwezo wake, kwa hiyo usiitumie kumwita mtu mwongo.

Kuunganisha chaneli mbili kuwa moja hufanya kila chaneli ione nusu ya ukinzani. Spika ya omu 4 inakuwa 2, na hapo ndipo moshi hutoka.

Hatua ya 4: Daraja A, AB au D

Herufi hizi ni aina za saketi ndani ya amplifaya. AB, kama una nafasi. D, kama kabati ni dogo au hutaki joto. Za kisasa zinasikika vizuri kabisa, na anayezibeza huenda alisikia za zamani. Daraja A ya wati 25 kila upande hula zaidi ya wati 100 hata muziki ukiwa umezimwa. Ni hita inayoimba.

Hatua ya 5: Volti za ukutani

Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipia mtumba. Ya soko la Japani ni volti 100, ya Marekani 120, na nchi nyingi nyingine ni 220 hadi 240. Kuchomeka ya 100 kwenye 230 ni kuiua. Transfoma ya kushusha umeme iwe na uwezo unaozidi matumizi ya amplifaya kwa ziada ya kutosha.

Hatua ya 6: Ukuzaji

Amplifaya ya ukuzaji wa 29 dB huzidisha volti mara 28. Kifaa cha CD hutoa volti 2, na volti 1 tu inatosha kuifikisha kwenye wati 100 za omu 8. Kwa hiyo nguvu inaweza kuisha kitasa cha sauti kikiwa nusu ya mzunguko. Nusu iliyobaki si akiba. Ukiusikia mkwaruzo, rudi nyuma mara moja: wimbi lililokatwa huongeza nishati ya masafa ya juu, na tiwita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ndiyo inayoungua kwanza.

Hatua ya 7: Siku ya kuifunga

Acha sentimita 10 juu ya kasha. Waya wa spika wa milimita za mraba 2.5 unatosha kwa chumba cha kawaida; wa bei ya mbuzi haukuongezei kitu.

Kabla hujafunga spika, washa, subiri rilei (swichi ya ndani inayounganisha spika) ipige "tak", halafu weka maltimita kwenye milivolti za DC kati ya tundu jekundu na jeusi. Chini ya 20 ni safi, hadi 50 inavumilika. Ikizidi 100, usifunge spika. Kwenye daraja D usipime kutoka jeusi kwenda kwenye kasha, wala usiunganishe jeusi hilo na ardhi ya sabufa: kwa nyingi kati yake, jeusi nalo lina volti. Ukisikia mvumo baada ya kufunga vifaa vyote, chomoa kimoja kimoja hadi unyamaze. Waya wa ardhi kwenye plagi usiukate.